Kuhamishia programu ya CNC kwenye kompyuta nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kompyuta inayoendesha mashine ya CNC (mashine ya kukata na kuchonga kwa amri za kompyuta) ikianza kuzima ovyo katikati ya kazi, mtu hufikiria programu kwanza: ataipata wapi tena, na itakubali kuingia kwenye kompyuta mpya? Programu kwa kawaida hupatikana. Kisichopatikana mahali pengine popote duniani ni vipimo vya mashine yako: mota inahitaji mapigo mangapi ya umeme kwa milimita, swichi ipi iko kwenye pini ipi, skrubu ya Y ina ulegevu kiasi gani. Hivyo vimo kwenye mafaili madogo ambayo watu huyasahau ndani ya diski inayokufa. Majibu mengi hapa yanahusu mashine zinazoendeshwa na kompyuta ya kawaida kwa programu za Mach3, Mach4, LinuxCNC au GRBL. Mashine zenye kidhibiti chake zina sehemu yake karibu na mwisho.

Nihamishe nini hasa?

Kwa Mach3, nakili folda nzima ya C:\Mach3. Usichague faili moja moja. Humo mna faili la mipangilio, ambalo kwa mashine ya kuchonga kwa zana inayozunguka (milling) huitwa Mach3Mill.xml isipokuwa kama aliyeifunga alilipa jina lake mwenyewe. Mna leseni, Mach1Lic.dat. Mna folda ya makro (amri fupi zilizoandikwa tayari), skrini zilizobadilishwa, na programu-jalizi za kidhibiti mwendo, kifaa kinachotoa mapigo badala ya kompyuta, kama kipo. Folda nzima ni ndogo, inaingia kwenye flashi yoyote.

Funga Mach3 kabla ya kunakili. Programu hii huandika mipangilio yake inapofungwa, kwa hiyo ukinakili ikiwa wazi unaweza kuondoka na faili la jana. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukibandika faili zuri kwenye kompyuta mpya huku Mach3 iko wazi, ukiifunga italifuta na kuandika lile ililokuwa nalo kichwani.

Halafu kuna vitu vilivyo nje ya folda hiyo. Mafaili ya kazi, yale ya G-code (lugha ya amri za mashine), mara nyingi hukaa kwenye Desktop. Faili la kutafsiri kazi kutoka programu ya usanifu kwenda lugha ya mashine yako hukaa ndani ya folda za mtumiaji, na likipotea utashangaa kwa nini michoro ileile sasa inatoa msimbo ambao mashine haiuelewi. Draiva ya kadi au ya kidhibiti mwendo nayo ihifadhi, hasa kama mtengenezaji wake hayupo tena.

Kompyuta ya zamani bado inawaka. Nianzie wapi?

Anza kwa simu yako, piga picha. Fungua kila ukurasa wa mipangilio na uupige picha: pini za mota, pini za swichi, mwendo na mchapuko wa kila mhimili, nukta ya nyumbani, mipaka ya programu, fidia ya ulegevu, jedwali la zana, na nukta za kazi G54 hadi G59, yaani mahali kazi zinapoanzia kupimwa. Piga pia picha ya nyuma ya kompyuta kebo zikiwa zimechomekwa, na ya swichi ndogo zilizo kwenye draiva za mota, yaani visanduku vya umeme vinavyoziendesha.

Picha hizi zimeniokoa mara nyingi kuliko nakala ya faili. Faili likiharibika linakataa kufunguka, lakini picha ya ukurasa unaosema 400 kwenye mhimili wa X itasomeka tu. Pia, ukihamia programu nyingine kabisa, faili la zamani halikufai kitu, ila namba zake unazihitaji zote.

Baada ya picha, nakili folda mahali pawili tofauti, na flashi moja ibaki ndani ya kabati la umeme la mashine. Kisha, kama una diski ya ziada, chukua taswira (nakala kamili) ya diski nzima kwa programu ya Clonezilla. Siku utakayogundua kwamba kuna kitu umekisahau, kitakuwa humo.

Imekufa kabisa, haiwaki. Nimepoteza kila kitu?

Kwa kawaida hapana. Kinachokufa mara nyingi ni kisambaza umeme au ubaomama, na diski inabaki nzima. Ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB inayokubali SATA au IDE kulingana na diski yako, ufungue folda kama flashi. Diski ikitoa sauti ya kugongagonga au ikisoma polepole, usiendelee kuifunguafungua. Chukua taswira yake mara moja kwa programu ya ddrescue, kisha fanya kazi kwenye taswira.

Kabla hata ya hapo, angalia betri ya CR2032 kwenye ubaomama. Ikiisha, BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) husahau mipangilio yake, poti ya printa hurudi kwenye hali au anwani nyingine, na mashine inagoma kabisa kusogea ilhali programu inafunguka vizuri. Kompyuta zimetupwa kwa kosa la betri ya volti 3.

Usitegemee kuchomeka diski ya zamani kwenye kompyuta mpya na kuiwasha humo. Windows XP ikikuta kidhibiti cha diski kisicho chake husimama na skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Diski haijaharibika hapo, imekosa draiva tu.

Mafaili ya mipangilio sikuyapata. Nitajuaje namba za mashine yangu?

Zinahesabika. Mota ya stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Soma swichi ndogo kwenye draiva ya mota ujue kila hatua imegawanywa mara ngapi, tuseme 10. Pima skrubu inasogeza meza milimita ngapi kwa mzunguko mmoja, tuseme 5. Basi 200 mara 10 ni mapigo 2000 kwa mzunguko, gawanya kwa 5, unapata mapigo 400 kwa milimita. Kama kuna mkanda na pulei kati ya mota na skrubu, zidisha kwa uwiano wa meno yake.

Kwa mashine ya reki na pinioni (gia inayotembea juu ya ubao wa meno) hesabu ya karatasi haitoshi, pima. Amuru milimita 100, pima umbali halisi kwa vernia au geji. Mashine ikienda 98.4, zidisha namba yako kwa 100, gawanya kwa 98.4: 400 inakuwa 406.5. Rudia kwa umbali mrefu zaidi, maana kosa la kupima huwa dogo ukilinganisha na mita moja kuliko na sentimita kumi.

Ila kwa skrubu ya mipira (ile ambayo nati yake hutembea juu ya mipira ya chuma) naomba usifanye hivyo. Kama hesabu inasema 400 na mashine inaenda 98.4, usiisukume namba hadi ikubali. Skrubu ya mipira haikosei kwa zaidi ya milimita moja ndani ya mia. Kiunganishi kimelegea, au swichi ya draiva haiko ulivyodhani, au mota inapoteza mapigo. Ukiificha hitilafu hiyo ndani ya namba, utapata sehemu moja sahihi na tano mbovu.

Mwendo wa juu na mchapuko huwezi kuuhesabu vizuri, unautafuta kwa mkono. Anza chini sana, panda hadi mota ianze kulalamika au kukwama, kisha shuka hadi karibu nusu ya hapo.

Mach3 itafanya kazi kwenye Windows 10 au 11?

Programu yenyewe inaweza kufunguka. Kinachokwama ni draiva yake ya poti sambamba, ile poti ndefu ya pini 25 iliyokuwa ya printa. Draiva hiyo iliandikiwa Windows ya biti 32 na haifanyi kazi kabisa kwenye biti 64. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo huko njia ya poti ya printa imefungwa.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye poti sambamba kwenye ubaomama wenyewe, na kuiwekea Windows XP au Windows 7 ya biti 32. Ni rahisi na mashine yako haibadiliki hata waya mmoja. Ya pili ni kuongeza kidhibiti mwendo cha nje, cha USB au cha Ethernet, ambacho ndicho kitakachotoa mapigo badala ya kompyuta. Hapo biti 64 si tatizo tena. Ya tatu ni kuhamia LinuxCNC, inayotumia poti ileile ya printa kwenye kompyuta za kisasa zaidi.

Ukiniuliza mimi, mashine inayoleta riziki kila siku iende njia ya pili, na kidhibiti kiwe cha Ethernet. Kompyuta zenye poti sambamba zinazidi kuzeeka, na ukinunua iliyotumika unanunua tatizo lilelile la miaka michache ijayo. Ila kama mashine inafanya kazi mara mbili kwa mwezi, njia ya kwanza inatosha.

Je, nikitumia kebo ya kugeuza USB kuwa poti ya printa?

Hapana. Kebo hizo zinajua kuongea na printa tu. USB hutuma data kwa mafungu, na mota ya stepa inataka kila pigo kwa wakati wake. Kadi ya PCI au PCI Express yenye poti sambamba ni jambo jingine, hiyo inafaa, ila anwani yake haitakuwa 0x378 kama ile ya ubaomama. Isome kwenye orodha ya vifaa ya Windows kisha uiandike kwenye mipangilio ya programu.

Kompyuta mpya ina nguvu mara kumi ya ile ya zamani. Mbona mota zinakoroma na kurukaruka?

Kwa sababu mota haijali wingi wa nguvu. Inajali pigo kufika kwa wakati. Mach3 ikitumia poti ya printa kwa 25 kHz inapata nafasi ya kutoa pigo mara 25,000 kwa sekunde. Kitu kikiikatiza hata kwa muda mfupi, mapigo yanachelewa, kisha yanakuja yakiwa yamesongamana, na mota inaruka. Kompyuta ya kisasa ina vitu vingi vya kuikatiza: inapunguza kasi ya prosesa ili kuokoa umeme, inapima joto, inatafuta mtandao.

Ingia BIOS. Zima hali za kulala za prosesa na ubadilishaji wa kasi yake, zima Hyper-Threading, zima sauti na kila kifaa kilichojengewa humo usichokitumia. Kwenye Windows weka mpango wa umeme wa utendaji wa juu, zima kulala, zima kiwambo cha kupumzisha skrini, na zima ile ruhusa ya kukata umeme wa poti za USB. Mach3 inakuja na DriverTest.exe. Iendeshe, iache dakika kadhaa, utazame mstari wa mapigo. Ukiwa umetulia kama uzi uliovutwa, endelea. Ukiwa na miiba, kompyuta hiyo haifai bado.

Ukiwa hapo, fanya hesabu ya mwendo wa juu. Mapigo 25,000 kwa sekunde gawanya kwa 400 kwa milimita ni milimita 62.5 kwa sekunde, yaani 3750 kwa dakika. Huwezi kuvuka hapo kwa 25 kHz hata ununue kompyuta gani. Ukipandisha hadi 45 kHz, ukomo unakuwa 6750, ila kompyuta iwe imetulia kweli.

Laptopu je?

Kwa poti ya printa, hapana. Laptopu imeundwa kuokoa betri, na mambo mengine inayoyafanya kwa ajili hiyo huwezi kuyazima. Zile za zamani zenye poti sambamba, nyingi hutoa volti 3.3 badala ya 5, na bodi ya kuunganishia inaweza isizisikie. Ukiwa na kidhibiti mwendo cha nje au GRBL, laptopu inafaa.

Nikiendesha Windows XP ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu)?

Kwa kusoma mipangilio ya zamani, ndiyo, ni wazo zuri. Kwa kuendesha mota kupitia poti ya printa, hapana.

Leseni yangu itakubali kompyuta mpya?

Ya Mach3 ni faili lenye jina la mwenye leseni, halifungwi na vyuma vya kompyuta. Unalinakili tu kwenye folda ya C:\Mach3. Ukilikosa, programu itafunguka kwa hali ya majaribio na haitakubali kazi inayozidi mistari 500, na hiyo ndiyo dalili ya haraka kwamba leseni haikufika.

Mach4 ni tofauti. Leseni yake hutolewa kwa namba ya utambulisho ya kompyuta, kwa hiyo ukibadilisha kompyuta unaomba nyingine kupitia akaunti uliyonunulia. Fanya hivyo kabla hujafungua mashine, usije ukasubiri barua pepe huku kazi ya mteja iko mezani.

Programu zinazotumia ufunguo wa USB au wa poti sambamba hazina shida, mradi uweke draiva ya ufunguo kwanza ndipo uuchomeke. Na ufunguo huo uulinde kama ufunguo wa nyumba. Mtengenezaji akiwa amefunga duka, hakuna atakayekupa mwingine.

Natumia LinuxCNC. Kuna tofauti gani?

Kuna unafuu mkubwa: kila kitu ni maandishi. Folda iliyo chini ya linuxcnc/configs ndani ya makao ya mtumiaji ina faili la .ini lenye vipimo, mafaili ya .hal yenye miunganisho ya pini, jedwali la zana, na faili la .var linalobeba nukta za kazi. Nakili folda nzima. Toleo likiwa jipya zaidi, programu itajitolea kubadili faili la .ini liendane nalo. Iruhusu, ila baki na nakala ya zamani pembeni.

Usiruke kipimo cha ucheleweshaji. Fungua latency-test, kisha isumbue kompyuta kwa makusudi kwa robo saa au zaidi: sogeza madirisha, fungua mafaili makubwa, cheza video. Namba ya juu kabisa ikiwa chini ya nanosekunde 20,000, poti ya printa itakwenda vizuri. Ikiwa kati ya 30,000 na 50,000, utapata kazi nzuri lakini kwa mwendo mdogo. Ikivuka 100,000, kompyuta hiyo haifai kwa njia ya poti, tafuta nyingine au ongeza kadi kama za Mesa zinazotoa mapigo zenyewe. Namba hiyo ya kompyuta ya zamani usiinakili kwenye mpya. Kila ubaomama una yake.

Natumia GRBL kwenye Arduino.

Basi wewe una kazi nyepesi kuliko wote. Mipangilio iko ndani ya bodi yenyewe, kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika), siyo kwenye kompyuta. Weka draiva ya USB, ambayo kwa bodi nyingi za bei nafuu ni ya CH340, fungua programu yako ya kutuma G-code, chagua kasi ya 115200, na mashine ni ileile. Hata hivyo andika $$ na uhifadhi orodha itakayotoka: $100 hadi $102 ni mapigo kwa milimita, $110 hadi $112 mwendo wa juu, $120 hadi $122 mchapuko. Ongeza na $# kwa ajili ya nukta za kazi. Siku bodi ikiungua, orodha hiyo ndiyo mashine yako.

Namba ya poti ya COM itabadilika. Iliyokuwa COM3 inaweza kuwa COM7, na watu wamepoteza jioni nzima kwa hilo tu.

Nimenakili kila kitu, lakini Mach3 inafunguka na mipangilio ya kiwandani.

Angalia ikoni unayoibofya. Kila ikoni inaita jina la faili la mipangilio kwa alama ya /p mwishoni mwa njia yake. Kama aliyefunga mashine aliliita faili lake kwa jina lingine, na wewe unabofya ikoni ya Mach3Mill iliyowekwa na usakinishaji mpya, unafungua mipangilio mitupu. Tengeneza ikoni yenye jina sahihi.

Kama namba zipo ila zinaonekana za ajabu, tazama mambo mawili. La kwanza ni vipimo vya msingi, inchi au milimita. Tofauti ni mara 25.4, na mashine iliyopangwa kwa milimita ikidhani ni inchi itakimbilia ukutani. La pili ni mipangilio ya eneo kwenye Windows. Kompyuta iliyowekwa lugha au nchi inayotumia mkato badala ya nukta kwenye desimali inaweza kuisoma 0.05 kwa namna nyingine kabisa. Weka nukta.

Nabadilisha kompyuta na kuongeza kidhibiti mwendo kwa wakati mmoja. Namba zote zinabaki?

Mapigo kwa milimita, nukta za nyumbani na mipaka zinabaki. Namba za pini zinabadilika zote kufuata kifaa kipya. Kuna kimoja zaidi kinachosahaulika: upande wa pigo. Draiva ya mota hulisoma pigo linapopanda au linaposhuka, na inataka mwelekeo uwe umeshatulia kabla ya hapo. Ukikosea upande, mashine itaonekana nzima. Itasogea, itarudi, itapima 100 ukiamuru 100. Lakini kila mhimili unapogeuza mwelekeo, pigo moja linaweza kupotea.

Pigo moja kwenye mapigo 400 kwa milimita ni milimita 0.0025. Hulioni. Kazi ya kuchonga maua yenye kugeuka mara 400 itakuwa imehama milimita nzima. Niliwahi kukaa na mashine ya mbao siku mbili nikikaza mikanda na kubadilisha viunganishi, wakati dawa ilikuwa alama moja ya tiki kwenye ukurasa wa pini za mota. Tangu hapo jaribio langu ni hili: geji ya saa ikigusa meza, andika programu fupi ya kwenda milimita moja na kurudi, mara 500. Sindano isiporudi pale pale ilipoanzia, badili alama ya pigo kabla ya kushika spana.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, nifuate utaratibu gani?

Toa zana kwenye spindo, mota inayozungusha zana. Kata umeme wa spindo kabisa, siyo kuizima kwenye programu. Sogeza mihimili kwa mkono hadi katikati.

Washa kompyuta peke yake, draiva za mota zikiwa hazina umeme. Wakati BIOS inaamka, pini za poti sambamba hupanda na kushuka bila mpangilio, na relei hulia. Kama spindo imeunganishwa kwenye moja ya pini hizo, inaweza kuzunguka kabla Windows haijafunguka, na hapo mtu ana mkono karibu na meza akitafuta kebo. Kwa hiyo ni kompyuta kwanza, programu ifunguke, ndipo umeme wa draiva. Kuzima ni kinyume chake. Kama bodi yako ina uwezo wa kusubiri ishara ya uhai kutoka kwenye programu ndipo iruhusu matokeo, utumie.

Jaribu kitufe cha dharura kabla ya mota yoyote kusogea. Kibonyeze, uone skrini inakiri. Kisha sukuma kila swichi ya kikomo kwa kidole, moja moja, ukitazama taa yake kwenye ukurasa wa uchunguzi. Taa ya X isipowaka kwa swichi ya X, usiendelee.

Sasa sogeza mhimili mmoja kwa mwendo wa chini, kidole kikiwa juu ya kitufe cha dharura. Tazama mwelekeo. Kisha pima: amuru 100, soma geji. Fanya kwa kila mhimili. Baada ya hapo ndipo utafute nyumbani, bado kwa mwendo wa chini, kwa sababu mhimili unaotafuta nyumbani upande usio wake hautaikuta swichi, utaukuta ukuta.

Mwisho endesha kazi unayoijua vizuri, hewani, Z ikiwa juu ya kipande. Chagua ile uliyoikata mara nyingi kwenye kompyuta ya zamani, ambayo hata sauti yake unaikumbuka. Masikio yatagundua kona iliyopunguza mwendo kabla ya geji.

Niiunganishe na intaneti? Na kinga ya virusi?

Kompyuta ya mashine isiwe na intaneti. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuziacha wazi mtandaoni ni hatari, na hata ile mpya inaweza kuamua kujisasisha katikati ya kazi ya saa sita. Hamisha mafaili kwa flashi uliyoikagua kwenye kompyuta nyingine. Kidhibiti cha Ethernet kipe kebo yake mwenyewe, moja kwa moja, bila kupita kwenye ruta, na kompyuta uipe anwani ya kudumu iliyo kwenye mtandao mmoja na kidhibiti.

Kwa cha USB, kebo iwe fupi, yenye ngao na ile pete nyeusi ya sumaku, na ipite mbali na waya za kibadilisha kasi cha spindo. Muunganisho unaokatika kila spindo inapowaka ni kelele za umeme, siyo kosa la kompyuta mpya.

Mashine yangu inatumia DOS na kadi kubwa ya ISA.

Hapa usitafute kompyuta mpya, kwa sababu nafasi za ISA, zile za kadi za zamani, hazimo. Tafuta ubaomama wa viwandani wenye ISA, au wa zamani unaofanana na wako. Diski ya IDE ibadilishe kwa kadi ya CompactFlash kwenye adapta, maana haina kitu kinachozunguka na inavumilia mtikisiko. Kadi ikiwa kubwa, tenga sehemu isiyozidi GB 2, kwani FAT16 ya DOS haivuki hapo. Nakili taswira nzima ya diski, siyo mafaili peke yake, maana mafaili ya kuwashia DOS hayahamii kwa kunakili kwa kawaida.

Mashine yangu ina kidhibiti chake. Kompyuta inatuma kazi tu kwa kebo ya RS-232.

Hapo vipimo vya mashine viko ndani ya kidhibiti, kompyuta ni mtuma barua. Unachohamisha ni namna ya kuongea: kasi, idadi ya biti, pariti, biti za kusimamisha, na jinsi ya kusema subiri. Mpangilio unaokutwa sana kwenye vidhibiti vya zamani ni 4800 au 9600, biti 7, pariti shufwa, biti 2 za kusimamisha, na XON/XOFF. Vyote vilingane pande zote mbili. Adapta ya USB kwenda RS-232 kwa kazi hii inafaa, kwa kuwa hakuna mota inayosubiri pigo.

Tumia nafasi hiyo kuvuta nakala ya parameta zote kutoka kwenye kidhibiti kuja kwenye kompyuta mpya. Vidhibiti vingi vya zamani huzishikilia kwa betri, na betri hiyo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Ukiibadilisha ikiwa imezimwa, zinafutika.

Kompyuta ya zamani niitupe lini?

Kama bado inawaka, iweke mahali pakavu hadi mpya iwe imemaliza kazi zako zote za kawaida, pamoja na ile unayoifanya mara moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo yenye makro ambayo hukuikumbuka. Kama haiwaki, toa diski, ibandike karatasi yenye jina la mashine na tarehe, uiweke kwenye kabati pamoja na flashi. Zilizobaki ni bati na plastiki.